KIJIJI KILICHOFUNGUA MILANGO
Habari za Le Chambon-sur-Lignon katika milima ya Ufaransa

Watu wengi wasikiapo jina la Ufaransa hufikiri mara moja habari za Paris, mji mkuu wake, au Marseille, bandari yake kubwa. Walakini sehemu kubwa ya nchi ile si miji. Ni mashamba, malisho, misitu na vijiji vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kijiji kina kanisa lake na masimulizi yake. Kimojawapo cha vijiji hivyo ni Le Chambon-sur-Lignon, chenye watu wapatao 2,500. Hakina dhahabu, wala bandari, wala ngome mashuhuri. Hata hivyo jina lake limejulikana duniani kote kwa sababu ya jambo lililotendwa huko kati ya mwaka wa 1940 na mwaka wa 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili: wakulima maskini wa mahali hapo waliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa ili wauawe.

Mara nyingi jambo hilo husimuliwa kana kwamba lilizuka ghafula, kama mvua isiyo na wingu. Sivyo. Mtu atakaye kulifahamu vema yampasa aitazame kwanza ardhi ya mahali hapo, kisha mambo yaliyowapata babu za watu wake, ndipo aone jinsi kijiji kidogo kilivyopata nguvu ya kutenda neno kubwa.

NCHI YENYEWE

Le Chambon-sur-Lignon iko katika jimbo la Haute-Loire, karibu na mpaka wa jimbo la Ardèche, upande wa kusini-mashariki wa nchi ya milima iitwayo Massif Central. Mahali hapo ni uwanda ulioinuka. Kimo chake ni yapata futi 3,150 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini husimama mlima Mézenc, wenye kimo cha futi 5,750 hivi, uliotokana na moto wa chini ya ardhi zamani sana. Karibu na mlima huo ndipo uanzapo mto Lignon. Mto huo hushuka, hupita kijijini, kisha huelekea kaskazini hata uingie katika mto Loire, ulio mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa. Maneno "sur-Lignon" maana yake ni "ukingoni mwa Lignon". Neno "Chambon" nalo latokana na neno la kale sana lenye maana ya pindo, kwa kuwa mto hujipinda.

Uwanda huo ni kama mgongo wa nchi. Mvua inyeshayo upande mmoja huteremka kwa mto Loire mpaka bahari ya Atlantiki. Inyeshayo upande wa pili, maili chache tu kutoka hapo, huteremka kwa mto Rhône mpaka bahari ya Mediterania.

Majira ya baridi huko ni marefu na makali. Theluji hufunika mashamba, na upepo wa kaskazini, ambao wenyeji huuita "burle", huipeperusha na kuirundika njiani hata barabara zikazibwa. Kwa sababu hiyo nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe magumu ya kijivu, zenye kuta nene na madirisha madogo, na mapaa yake yaliezekwa kwa mabamba mazito ya mawe. Watu na ng'ombe wao walikaa chini ya paa moja, ili mwenye nyumba aweze kulisha mifugo bila kutoka nje katika dhoruba.

Udongo si wa rutuba nyingi. Wenyeji walipanda viazi na nafaka zivumiliazo baridi, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakakata misonobari, na wakati wa kiangazi wakaokota uyoga na matunda madogo meusi ya porini. Tena nyumba za wakulima hazikukusanyika mahali pamoja. Zilitawanyika moja moja juu ya uwanda, katikati ya misitu, zikiunganishwa na vijia vyembamba ambavyo mgeni hawezi kuvifuata bila kuongozwa. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, maana mbele yake litaonekana kuwa na maana kubwa.

MAMBO YALIYOWAPATA BABU ZAO

Katika karne ya 16 mafundisho mapya ya dini, yaliyoanzishwa na Martin Luther huko Ujerumani na kuendelezwa na Mfaransa Jean Calvin huko Geneva, yalienea katika sehemu nyingi za Ufaransa. Watu wengi wa uwanda wa Lignon waliyapokea, wakawa Waprotestanti katika nchi ambayo mfalme wake na watu wake wengi walikuwa Wakatoliki. Vita vya dini vilizuka mwaka wa 1562, vikaendelea kwa vipindi zaidi ya miaka 30. Hatimaye, mwaka wa 1598, Mfalme Henri wa Nne alitoa amri katika mji wa Nantes, akawapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu kwa namna yao.

Ruhusa hiyo haikudumu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1685 mjukuu wake, Mfalme Louis wa Kumi na Nne, aliifuta. Tangu siku hiyo kushika ibada ya Kiprotestanti kulikuwa kosa. Wachungaji walipewa siku 15 wachague kuiacha imani yao au kutoka katika nchi. Makanisa yao yalibomolewa. Iliamriwa watoto wao wabatizwe na mapadre wa Kikatoliki. Watu wa kawaida walikatazwa kuhama. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme, na mwanamke alitiwa gerezani. Hata hivyo watu wapatao 200,000 walitoroka, wakaenda Uswisi, Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, na wengine wakafika hata Afrika ya Kusini.

Wale waliobaki milimani hawakuiacha imani yao. Walikutana kwa siri misituni na mabondeni, huku walinzi wakitazama njia. Walificha Biblia zao. Mhubiri akipita katika nchi, aliingizwa nyumbani usiku, akalishwa, akalazwa, kisha akapitishwa shamba hata shamba mpaka atoke katika hatari. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1787 Mfalme Louis wa Kumi na Sita aliwaruhusu kuandikisha ndoa zao na watoto wao bila kupitia kwa padre, na baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka wa 1789 walipata uhuru wa dini.

Masimulizi hayo hayakufa. Wazee waliwasimulia watoto, na watoto walipokua wakawasimulia wajukuu. Katika masimulizi hayo yalikuwamo mafundisho matatu. La kwanza, kwamba amri yaweza kuwa na muhuri wa mfalme na bado isiwe ya haki. La pili, kwamba mtu anayewindwa aweza kuokoka ikiwa jirani yake hana maneno mengi. La tatu, kwamba wageni wanaobisha mlango usiku hawapaswi kuulizwa maswali kabla hawajaota moto.

WAGENI WA KIANGAZI

Umaskini wa nchi uliwafundisha watu wa Le Chambon jambo jingine, nalo ni kukaribisha wageni. Upande wa kaskazini uko mji wa Saint-Étienne, uliokuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda, wenye moshi na vumbi. Watoto wa wafanya kazi wa huko walikuwa dhaifu na wenye kukohoa. Mwaka wa 1893 mchungaji mmoja wa Saint-Étienne, Louis Comte, alianzisha chama cha kuwapeleka watoto hao milimani wakati wa kiangazi, wakae katika nyumba za wakulima, wanywe maziwa na kuvuta hewa safi. Wakulima walilipwa kidogo, na fedha hiyo iliwafaa.

Mwaka wa 1902 reli nyembamba ilifika kijijini. Hapo wageni waliongezeka. Watu wa mijini walikuja kupumzika, na wenye maradhi ya kifua walikuja kutafuta hewa kavu. Nyumba za wageni zilijengwa, ndogo na kubwa, na wenyeji wengi wakazoea kuona sura ngeni katika njia zao na kusikia lafudhi za mbali. Kiangazi kijiji kilijaa. Masika ya theluji vitanda vilikaa vitupu.

Mwaka wa 1934 aliletwa mchungaji mpya, André Trocmé, pamoja na mkewe Magda, mwanamke mzaliwa wa Italia, na watoto wao. Bwana Trocmé alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno ya nguvu, aliyeamini kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuua mtu hata katika vita. Mwaka wa 1938 yeye na mchungaji mwenzake, Edouard Theis, walianzisha shule ya sekondari ya wavulana na wasichana pamoja. Shule hiyo ilianza na wanafunzi 18 tu, bila majengo ya kutosha; masomo mengine yalifanywa katika vyumba vya kuazima. Katika muda wa miaka michache wanafunzi wakawa mamia, na miongoni mwao walikuwamo wengi ambao hawakuja kwa ajili ya masomo peke yake.

VITA VYAFIKA

Mwezi wa Mei mwaka wa 1940 majeshi ya Ujerumani yaliishambulia Ufaransa, na kabla ya mwisho wa Juni nchi ilikuwa imeshindwa. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi tarehe 22 Juni. Wajerumani walikalia sehemu ya kaskazini na pwani ya magharibi. Sehemu ya kusini iliachwa chini ya Serikali ya Marshal Pétain, iliyokaa katika mji wa Vichy na kufuata matakwa ya mshindi.

Kesho yake, Jumapili tarehe 23 Juni, Mchungaji Trocmé na Mchungaji Theis waliwaambia watu wao kanisani kwamba wajibu wa Mkristo ni kupinga jeuri itakayotaka kuilazimisha dhamiri yake, na kwamba silaha zake ziwe za roho, si za chuma. Wakasema watapinga bila hofu, lakini pia bila majivuno na bila chuki.

Haukupita muda mrefu kabla maneno hayo hayajajaribiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Serikali ya Vichy ilitangaza sheria za kuwatenga Wayahudi. Wayahudi wa nchi nyingine waliokimbilia Ufaransa walifungiwa katika kambi za kusini, kama vile Gurs na Rivesaltes, ambamo mlikuwa na njaa, matope na maradhi.

Katika majira ya baridi ya kwanza baada ya nchi kushindwa, jioni moja yenye theluji, mwanamke Myahudi kutoka Ujerumani alibisha mlango wa nyumba ya mchungaji. Bibi Magda alimwambia aingie, akampa chakula, akaweka viatu vyake vilivyolowa karibu na moto vikauke. Kesho yake alikwenda kwa meya kumwombea hati za kukaa. Meya alikataa, akataka mgeni huyo aondoke upesi, maana aliogopa kwamba mtu mmoja angeleta hatari juu ya kijiji kizima. Bibi Magda aliporudi nyumbani aliona viatu vya mgeni vimeungua kwa moto, na wakati ule kupata viatu vipya kulikuwa shida kubwa; ikambidi kumtafutia vingine. Mwanamke yule hakuweza kukaa. Lakini mama mchungaji alikuwa amejifunza jambo moja: tangu siku hiyo wageni wangekaribishwa bila kuomba ruhusa.

JINSI WATU WALIVYOFICHWA

Wageni walifika kwa njia nyingi. Wengine walishuka katika treni ndogo wakiwa na jina la Le Chambon tu vichwani mwao. Wengine waliletwa na vyama vya msaada: Wakweka wa Marekani, chama cha Uswisi cha kusaidia watoto, chama cha Kiprotestanti kiitwacho Cimade, na chama cha Kiyahudi cha afya ya watoto kiitwacho OSE. Vyama hivyo viliweza kuwatoa baadhi ya watoto katika kambi, lakini vilihitaji mahali pa kuwaweka. Hapo ndipo nyumba za wageni wa kiangazi zilipofaa. Mwaka wa 1941 chama cha Uswisi kilifungua nyumba iitwayo La Guespy, na baada yake nyumba nyingine zikafuata. Watoto waliokaa humo walikwenda shule pamoja na watoto wa kijiji.

Zaidi ya nyumba hizo kulikuwa na mashamba yaliyotawanyika msituni. Mkulima mmoja alichukua mtu mmoja, mwingine familia nzima. Mchungaji Trocmé alikuwa amegawanya watu wa kanisa lake katika vikundi 13 vya kusoma Biblia, kila kikundi na kiongozi wake. Viongozi hao wakawa njia ya kupitishia habari. Kila kiongozi aliwajua watu wake, wala hakuuliza mambo ya kikundi kingine. Kwa hiyo hakuna mtu aliyejua yote, na mtu asiyejua hawezi kulazimishwa kusema. Husimuliwa kwamba hata katika barua na simu watu walisema kwa mafumbo: mkimbizi Myahudi aliitwa "Agano la Kale", na mwenye nyumba aliulizwa kama ana nafasi ya kuweka vitabu viwili au vitatu vya namna hiyo.

Jambo hili halikuwa la Le Chambon peke yake. Vijiji vya jirani, yaani Le Mazet-Saint-Voy, Tence, Fay-sur-Lignon, Saint-Agrève na vinginevyo, vilifanya vivyo hivyo. Wala halikuwa la kanisa moja. Kulikuwa na Wakristo wakimya waitwao Wadarby, wasio na wachungaji, ambao waliwahesabu Wayahudi kuwa watu wa Biblia waliopaswa kuheshimiwa. Kulikuwa na Wakatoliki, na watu wasio na dini.

Mkimbizi alihitaji kitu kingine zaidi ya chakula na kitanda, nacho ni kipande. Asiyekuwa na hati ya kitambulisho hakuweza kupanda treni wala kupata kadi ya chakula. Mnamo mwaka wa 1942 alifika uwandani kijana Myahudi aliyezaliwa Berlin, Oscar Rosowsky, ambaye alikuwa fundi wa kutengeneza mashine za taipu. Kijana huyo alikaa katika shamba moja nje ya kijiji, akaiga mihuri ya ofisi, akawaandikia watu hati zenye majina mapya. Vifaa vyake alivificha ndani ya mizinga ya nyuki ya mkulima jirani, mahali ambapo askari hawatamani kutia mkono.

WANAFUNZI NA MKUBWA WA SERIKALI

Mwezi wa Julai mwaka wa 1942 polisi wa Kifaransa waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 katika mji wa Paris, wanaume, wanawake na watoto, wakawatia mikononi mwa Wajerumani. Habari hizo zilifika milimani. Tarehe 10 Agosti mkubwa wa Serikali ya Vichy aliyesimamia mambo ya vijana, Bwana Georges Lamirand, alizuru Le Chambon. Alitazamia nyimbo na shangwe. Badala yake baadhi ya wanafunzi walimkabidhi barua. Ndani yake walisema wamesikia mambo yaliyotendwa Paris. Kwamba katika shule yao wako Wayahudi, nao hawawatofautishi na wengine. Na kwamba amri ikija ya kuwakamata wenzao, watawashauri wasiitii, nao watajitahidi kuwaficha.

Neno kama hilo, katika siku zile, lilikuwa neno la kumpeleka mtu kizuizini. Majuma mawili baadaye polisi walifika wakiwa na mabasi ya kuchukulia watu. Mchungaji alitakiwa atoe orodha ya Wayahudi wote. Alijibu kwamba hana orodha hiyo, na hata kama angekuwa nayo asingeitoa, kwa sababu watu hao walikuja kwake kutafuta ulinzi na yeye ni mchungaji wao. Polisi walipekua nyumba kwa nyumba, wakakaa yapata majuma matatu. Wakati huo wakimbizi walikuwa wameondoka usiku kwenda katika mashamba ya mbali na misitu, wakifuata vile vijia vyembamba. Askari walipokwisha kupita, wenyeji walikwenda msituni wakaimba wimbo uliojulikana, na waliojificha wakasikia, wakatoka. Mabasi yalirudi yalikotoka karibu matupu.

Katika mwezi huo huo wa Agosti mwandishi Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, alifika kukaa Le Panelier, karibu na kijiji, kwa ajili ya ugonjwa wa mapafu. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, na huko ndiko alikoandika sehemu ya kitabu chake juu ya mji uliopatwa na tauni, kilichotolewa mwaka wa 1947.

GHARAMA YAKE

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1942 Wajerumani walikalia Ufaransa yote. Hata kijijini waliletwa askari wao waliojeruhiwa, wakapona majeraha yao katika hoteli za Le Chambon, huku watoto wa Kiyahudi wakipita njia ile ile kwenda shule. Vyama vya siri viliwaongoza wakimbizi wengi, vikundi vidogo vidogo, mpaka mpakani mwa Uswisi.

Tarehe 13 Februari mwaka wa 1943 polisi wa Kifaransa waliwakamata Mchungaji Trocmé, Mchungaji Theis na Bwana Roger Darcissac, mwalimu mkuu wa shule ya Serikali. Polisi walipokuwa wakimngoja mchungaji afunge mzigo wake, habari ilienea, na watu wa kijiji walikuja mmoja mmoja wakiwa na zawadi za safari: mishumaa, chakula, soksi, vitu vilivyokuwa adimu kabisa wakati ule. Walisimama pande mbili za njia, wakaimba. Baada ya mwezi mmoja hivi katika kambi, wafungwa waliambiwa watafunguliwa kama watatia sahihi ahadi ya kumtii Marshal Pétain. Wachungaji wawili walikataa, wakasema hawawezi kuahidi kutii amri zinazopinga dhamiri. Baada ya muda mfupi walifunguliwa hata hivyo, na baadaye ikawapasa wao wenyewe kujificha.

Si wote waliookoka. Tarehe 29 Juni mwaka wa 1943 polisi wa siri wa Kijerumani, waitwao Gestapo, waliizingira nyumba ya wanafunzi iitwayo Maison des Roches, wakawachukua vijana 18. Pamoja nao walimchukua msimamizi wao, Daniel Trocmé, jamaa yake mchungaji. Alikuwa mwalimu mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye angeweza kutoroka asubuhi ile, lakini aliwarudia wanafunzi wake. Alikufa katika kambi ya Majdanek, nchini Poland, mwezi wa Aprili mwaka wa 1944. Mganga wa kijiji, Dokta Roger Le Forestier, aliuawa na Wajerumani tarehe 20 Agosti mwaka huo pamoja na wafungwa zaidi ya 100 huko Saint-Genis-Laval, karibu na Lyon, siku chache tu kabla ya Wajerumani kufukuzwa.

Ili ukubwa wa hatari ufahamike, yafaa kutaja hesabu moja. Wayahudi wapatao 76,000 walichukuliwa kutoka Ufaransa kupelekwa katika kambi za kifo. Waliorudi wakiwa hai hawakufika 3,000.

BAADA YA VITA

Idadi ya watu waliofichwa katika uwanda ule imejadiliwa na wanahistoria. Wengine wametaja watu 5,000, na wengine wachache kuliko hao. Haikuandikwa daftari, kwa sababu daftari lingekuwa hatari kuliko bunduki. Lakini lajulikana hili, kwamba walikuwa wengi, na kwamba walilishwa na watu ambao wao wenyewe walipimiwa mkate kwa kadi.

Wenyeji hawakupenda kusifiwa. Walipoulizwa kwa nini walifanya vile, wengi walishangaa, wakajibu kwamba mtu akibisha mlango katika baridi hufunguliwa, hakuna zaidi. Mwaka wa 1979 Wayahudi waliofichwa huko waliweka bamba la ukumbusho mkabala wa kanisa la Kiprotestanti. Mwaka wa 1990 Yad Vashem, taasisi ya ukumbusho iliyoko Yerusalemu, ilitoa heshima kwa wenyeji wa Le Chambon na wa vijiji vya jirani kwa pamoja. Mara nyingi heshima hiyo hupewa mtu mmoja mmoja, si kijiji. Mwezi wa Julai mwaka wa 2004 Rais Jacques Chirac alikwenda huko kuhutubia taifa juu ya ubaguzi na uvumilivu. Mwaka wa 2013 ilifunguliwa nyumba ya ukumbusho katika shule ya zamani iliyo mkabala wa kanisa. Mchungaji Trocmé alifariki mwaka wa 1971, na Bibi Magda mwaka wa 1996. Shule yao ya sekondari ilifungwa mwaka wa 2014. Treni za kawaida zilikoma mwaka wa 1968, lakini wakati wa kiangazi treni ya watalii bado hupita juu ya reli ile ile.

FUNDISHO LAKE

Yatupasa kukumbuka kwamba watu wa Le Chambon hawakuwa malaika. Meya aliogopa, na hofu yake haikuwa ya bure. Walikuwako waliofumba macho, na waliofanya biashara yao bila kujitia katika mambo ya wakimbizi. Lakini hata hao wengi wao walinyamaza, na kimya chao kilikuwa msaada.

Tena tumeona kwamba nguvu yao haikutoka mbali. Baridi iliwafundisha kutomwacha mtu mlangoni. Msitu uliwapa mahali pa kuficha. Umaskini uliwafanya wajenge vyumba vya wageni. Mateso ya babu zao yaliwapa masikio ya kusikia hofu katika sauti ya mtu wasiyemjua. Vitu hivi vyote vilikuwako kabla ya vita, kama kuni zilizopangwa kando ya jiko. Kilichohitajika ni mtu wa kuziwasha.

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Watoto waliofichwa katika uwanda wa Lignon walikua, wakatawanyika katika nchi nyingi, wakapata watoto na wajukuu. Mmoja wao, aliyefika kijijini pamoja na wazazi wake wakati wa vita, aliishi Ufaransa akiwa mtu wa kimya asiyejulikana sana. Alipofariki mwezi wa Desemba mwaka wa 2020, akiwa mzee wa miaka 90, wosia wake ulifunguliwa. Ndani yake alikuwa ameiachia Le Chambon-sur-Lignon sehemu kubwa ya mali yake, akataka fedha hiyo itumiwe kwa faida ya watoto na vijana wa kijiji.